Lori likae kushoto, lakini kushoto kuwe wazi

Barabara za njia nyingi zimejengwa kwa gharama kubwa, ila utaratibu wa nani apite wapi haujakamilika. Lawama anatupiwa dereva wa lori peke yake, wakati wenye deni katika jambo hili ni wengi.

Kabla jua halijachomoza, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam imeshajaa. Malori yaliyopakia bandarini usiku yanapita Ubungo, yanapanda Kimara na kuianza safari ya Kibaha, Chalinze na kwingineko. Mengine yamebeba makontena, mengine ni matangi ya mafuta, mengine yana mbolea, ngano au vipuri vya migodini. Ukisoma vibao vya namba utaona Tanzania, Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi katika msafara mmoja. Katikati yake yamo mabasi ya mikoani yanayotoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, daladala za Kibamba, magari madogo, bajaji na bodaboda.

Kutoka Kimara hadi Kibaha, umbali wa kilomita 19.2, barabara hii ina njia nane. Upana huo ungetosha kila mmoja apite bila kumsumbua mwenzake. Lakini anayeipita mara kwa mara anaijua hali ilivyo. Lori moja liko kushoto, jingine limetoka kulipita, na yote mawili yanakwenda kwa mwendo unaokaribia kulingana. Nyuma yake foleni inarefuka. Dereva wa gari dogo anamulika taa, anapiga honi, uvumilivu unamwishia, mwisho anatanua kushoto kabisa, kwenye bega la barabara, mahali ambapo watu wamesimama wakisubiri daladala.

Ninaamini kwamba lori linapaswa kukaa kushoto, na kwamba kanuni hiyo iandikwe waziwazi, ichorwe barabarani na isimamiwe. Ninaamini kwa uzito uleule kwamba kanuni hiyo ina nusu ya pili tunayoiruka kila tunapoizungumzia: anayeamriwa akae kushoto ana haki ya kuikuta njia ya kushoto inapitika. Katika sehemu nyingi za barabara zetu haipitiki. Hapo ndipo utii unapovunjikia, na hapo ndipo matengenezo yanapopaswa kuanzia.

Njia zilizopatikana kwa gharama

Upana wa Barabara ya Morogoro haukupatikana bure. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa maelezo kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Familia zilizozoea kulala chini ya mapaa yao wenyewe zilijikuta zikitafuta vyumba vya kupanga. Kila mtu ana maoni yake kuhusu uamuzi ule, lakini hakuna awezaye kubisha kwamba lami ile imewagharimu watu. Februari 2021, Rais John Magufuli alipozindua barabara za juu za Ubungo zilizopewa jina la Balozi John Kijazi, lango la jiji lilipata sura mpya. Ahadi iliyokuwa nyuma ya vifaa vya ujenzi ilikuwa moja: watu na mizigo vitembee.

Jirani zetu wa Kenya walitangulia. Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa takribani kilomita 50 kutoka Nairobi, ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Sehemu zake pana zina njia nane, bila kuhesabu zile za pembeni. Ilijengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo, ambayo mzigo wake unabebwa hata na mwananchi asiye na baiskeli.

Kujenga barabara ya namna hiyo kisha kuyaacha malori mawili yaizibe ni kuwalipisha wananchi mara mbili. Mara ya kwanza wanalipia ujenzi. Mara ya pili wanalipa kwa muda, kwa mafuta yanayoungua kwenye foleni, na siku nyingine kwa damu.

Upande ambao dereva haoni

Wengi tunadhani kanuni ya kukaa kushoto inahusu mwendo tu: mwenye haraka kulia, asiye na haraka kushoto. Sababu iliyo nzito zaidi ni macho ya dereva.

Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia magari hupita kushoto, na usukani uko kulia. Dereva wa lori ameketi juu, upande wa kulia wa kichwa. Upande wake anauona vizuri, kwa kuwa dirisha liko karibu na kioo cha pembeni kiko jirani na macho yake. Upande wa kushoto kuna kiti cha utingo, mlango mrefu, na chini ya dirisha lile kuna eneo ambalo bodaboda, hata gari dogo zima, hupotea asilione. Vioo vya ziada hupunguza eneo hilo lakini haviliondoi, na ukivikuta vimepasuka au vimepinda, dereva anabaki anabahatisha.

Lori likiwa kushoto, wote wanaolipita hupita kulia, upande ambao dereva anauona. Lori likijikita kulia, wote hulipita kushoto, upande asiouona. Siku dereva yule akiamua kurudi kushoto, atawasha indiketa, atatazama kioo, ataona kweupe, na gari dogo litakuwa palepale ubavuni mwake. Kwa hiyo dereva wa lori anayekaa kulia kilomita kwa kilomita anajigeuza kipofu mbele ya watu wanaompita, hata kama mwendo wake ni halali kabisa.

Kisha kuna uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56. Gari dogo la kawaida lina tani moja na nusu hivi. Yakiwa katika mwendo mmoja, nguvu ambayo breki za lori zinapaswa kuimeza ili lisimame ni karibu mara 40 ya ile ya gari dogo. Likiwa kilomita 80 kwa saa, lori lililopakia, hata lenye breki nzima na lami kavu, linahitaji mita 50 hivi kusimama baada ya breki kushika. Ongeza mita 22 kwa kila sekunde ambayo dereva anatumia kutambua hatari na kuhamisha mguu. Mvua ikinyesha, au breki zikiwa zimechoka, umbali huo unarefuka.

Ndiyo maana mwenye gari dogo anayechomekea mbele ya lori anafanya jambo la hatari kuliko anavyodhani. Nafasi anayoiona mbele ya lori anaichukulia kuwa tupu, wakati ile ndiyo nafasi ambayo lori linaitegemea kusimama. Akiingia pale na kukanyaga breki, amemwachia dereva wa lori mambo mawili ya kuchagua, kumgonga yeye au kuacha barabara, na yote mawili yanaua.

Dakika nzima ya kuzuiana

Tazama pia hesabu ya lori kulipita lori. Chukua malori mawili, kila moja lina urefu wa mita 18. La nyuma linakwenda kilomita 80 kwa saa, la mbele 75. Ili lipite kwa usalama, linapaswa kutoka likiwa mita 25 nyuma ya mwenzake na kurudi likiwa limemwacha mita 25. Jumla ni mita 86 za kumpita, kwa tofauti ya kilomita 5 tu kwa saa. Kazi hiyo inachukua zaidi ya dakika moja, na katika muda huo malori hayo yamekwenda karibu kilomita 1.4 yakiwa sambamba. Kama upande huo una njia mbili, kwa kilomita 1.4 hakuna mtu mwingine anayepita. Si basi, si gari la wagonjwa, si zimamoto.

Sasa badilisha namba moja. Lori la mbele liwe linakwenda kilomita 65 kwa saa. Kupitana kunachukua sekunde 21 hivi na mita zisizofika 500. Kosa, basi, halimo katika lori kulipita lori. Kosa limo katika kuanza kupita bila tofauti ya mwendo inayotosha.

Kwa lori tofauti hiyo ina mpaka wa kisheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari yanayozidi kilo 3,500. Kenya nayo, kupitia masharti yaliyosimamiwa na Waziri John Michuki mwaka 2004, iliyataka magari ya abiria na malori kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80. Ikiwa lori lolote haliruhusiwi kuvuka 80, basi lori linalotaka kulipita jingine linalokwenda 75 lina mawili: liizibe barabara kwa dakika nzima, au livunje sheria ya mwendo. Dereva mwenye busara atabaki nyuma. Kwa safari ya saa nzima, kubaki nyuma ya lori la 75 kunamchelewesha dakika 4 tu.

Nchi nyingine ziligeuza hesabu hii kuwa sheria. Uingereza, ambako magari hupita kushoto kama kwetu, malori yanayozidi tani 7.5 hayaruhusiwi kuingia njia ya kulia kabisa katika barabara kuu za mwendo kasi zenye njia tatu au zaidi kila upande. Ujerumani, ambako magari hupita kulia, malori yanayozidi tani 3.5 yanakatazwa njia ya kushoto kabisa nje ya miji pale njia zinapokuwa tatu. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya mji wa Hamm, Ujerumani, ilitoa kipimo ambacho madereva wa huko wanakijua hadi leo: lori linalopita lori jingine lisichukue zaidi ya sekunde 45 hivi, na tofauti ya mwendo iwe takribani kilomita 10 kwa saa. California, Marekani, lori la ekseli tatu au zaidi lina kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, na linatakiwa kukaa kulia, upande wa wanaokwenda polepole kwao.

Kanuni hizo ni fupi. Dereva anaweza kuzikumbuka akiwa na usingizi wa saa tisa usiku, na askari wa barabarani anaweza kuzisimamia bila kufungua kitabu.

Kwa nini lori linaikimbia njia yake

Wepesi wa kunakili kanuni ya Ulaya unaishia hapa. Njia ya kushoto ya barabara kuu ya Uingereza haina kituo cha daladala. Haina bodaboda anayekuja kinyume kwa sababu sehemu ya kugeuzia iko mbali. Haina mkokoteni wa ndoo za maji, wala mama anayevuka na mtoto mgongoni kwenda kununua mboga upande wa pili. Ya kwetu inayo yote hayo.

Jiweke kwenye kiti cha dereva wa semi-trela iliyopakia, unayetoka Ubungo na kukaa kushoto kama sheria inavyopenda. Mbele daladala inasimama ghafla kushusha abiria, na mkia wake umebaki barabarani kwa sababu eneo la kituo limejaa bajaji. Unakanyaga breki, unashuka gia. Unaanza kupandisha tena, gia baada ya gia, na lori la tani 50 halichangamki upesi. Kabla hujafika mwendo wa kawaida, gari linaingia barabarani kutoka mtaani bila kusubiri. Breki tena. Mbele yake lori jingine limeharibika. Utingo amekata matawi ya mti na kuyapanga nyuma ya tela, na usiku matawi hayo hayaonekani mpaka umeyafikia. Kila kusimama kunakula mafuta, kunachosha breki, kunachosha na mwili. Dereva anayelipwa kwa safari, ambaye tajiri wake anampigia simu kuuliza amefika wapi, atahamia kulia. Wengine wote wakihamia, anayebaki kushoto anaonekana mjinga.

Kuna na lami yenyewe. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yaliwaonyesha wahandisi kwamba uharibifu hauongezeki kwa kiwango cha uzito. Huongezeka takribani kwa kipeo cha nne. Ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, lami inaumia mara 16. Ekseli ya lori yenye tani 10 inaiumiza lami zaidi ya mara 40,000 ya ekseli ya gari dogo yenye kilo 700. Tena lori linalokwenda polepole linaikandamiza lami kwa muda mrefu zaidi, na lami iliyopashwa na jua la Pwani au la Dodoma inakuwa laini. Matokeo tunayaona: mifereji miwili ya matairi katika njia ya kushoto, ambayo wakati wa mvua hujaa maji. Tairi likiingia kwenye mfereji ule, usukani unakwenda unakotaka wenyewe. Ongeza kwamba barabara huinamishwa kidogo kuelekea pembeni ili maji yatiririke, na mzigo mrefu huinama nao. Dereva wa lori anaihama njia ya kushoto pia kwa sababu njia hiyo imechakaa kuliko nyingine zote.

Hapa tumejifunga wenyewe katika mzunguko. Tunayapeleka malori yote kushoto, kushoto kunaharibika, hatukarabati kwa wakati, malori yanahamia kulia, kisha tunayatoza faini kwa kuwa kulia. Anayetaka utii aanze kuukata mzunguko huo. Dar es Salaam inayo tayari njia moja ya kuukata. Njia za mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016, zilijengwa kwa zege kwa sababu mabasi mazito yangepita palepale kila siku. Sehemu za milima na za kuanzia mizani, ambako malori hupanda taratibu kwa mstari mmoja, zinastahili fikra hiyohiyo: njia ya kushoto ijengwe kwa uimara wa kubeba kile tunachoiamuru ibebe.

Mabasi hayo yametufundisha na jingine. Wakazi wa Dar es Salaam wanaelewa vizuri sana kwamba njia moja inaweza kutengwa kwa aina moja ya gari, kwa sababu wameona inavyofanya kazi. Wameona pia kinachotokea pale bodaboda na magari ya wakubwa yanapoingia humo. Kanuni ya njia huheshimiwa inapowabana wote, na hufa siku wachache wanapoachiwa kuivunja.

Wageni waliozoea upande mwingine

Kuna jambo ambalo barabara za Uingereza hazina na sisi tunalo kila siku. Kongo, Rwanda na Burundi magari hupita kulia. Dereva aliyejifunzia Lubumbashi amezoea kwamba mwenye mwendo mdogo hukaa kulia na anayepita hutokea kushoto. Akivuka Kasumbalesa kuingia Zambia anabadilisha upande, na anapofika Tunduma anaendelea hivyo hadi Dar es Salaam. Wa Bujumbura anabadilisha Kabanga, wa Kigali anabadilisha Rusumo.

Kwenye barabara ya njia mbili za kupishana, magari yanayomjia usoni humkumbusha upande wake. Kwenye barabara ya njia nne au nane, iliyotenganishwa katikati, hakuna anayemjia. Akichoka, mazoea ya miaka humvuta kulia, naye anaweza kwenda kilomita nyingi akiamini amekaa mahali pake. Lori lake likiwa na usukani wa kushoto, upande asiouona vizuri ni ule wa kulia, yaani upande ambao sisi tunafundishwa kumpita.

Mtu huyo hahitaji kutukanwa kwa honi. Anahitaji kibao chenye picha ya lori na mshale, kikubwa, kinachorudiwa kila baada ya kilomita chache, ambacho kinasomeka kwa anayejua Kifaransa, Kibemba au Kiswahili cha Katanga. Anahitaji karatasi moja ya maelekezo mpakani, katika lugha anayoielewa, pamoja na risiti zake za forodha. Biashara ya bandari zetu inamtegemea yeye. Kumweleza taratibu za nyumba ni wajibu wa mwenye nyumba.

Mlimani na kando ya barabara

Hakuna mahali ambapo suala la njia ni zito kama mlimani. Kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, lori la tani 56 lenye injini ya nguvu za farasi 420 hupanda kwa kilomita 25 hivi kwa saa, hata dereva akanyage vipi. Anayeijua Kitonga mkoani Iringa anaelewa maana yake. Lori moja likitoka kulipita jingine pale, yote mawili yanatambaa. Kwa hiyo njia ya ziada ya kupandia, inayojengwa upande wa kushoto wa milima, huokoa maisha endapo tu malori yote yanaitumia, na endapo mwisho wake una nafasi ya kutosha ya lori kurudi njia kuu bila kubanwa na wenye magari madogo.

Mteremkoni mambo ni mazito zaidi. Lori lililopasha breki hadi zikaacha kushika linahitaji mahali pa kwenda, na upande wake ni kushoto. Kushoto huko ndiko tulikoweka masoko. Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, Kenya, lori lililobeba kontena liliacha barabara likayagonga magari na watu waliokuwa wakifanya biashara na kusubiri usafiri kando yake. Zaidi ya watu 50 walikufa. Walikuwa watu waliosimama pale barabara inapoleta wateja, kwa sababu hawakupewa mahali pengine penye wateja.

Kila tunapoliamuru lori likae kushoto, tunalisogeza karibu na watu hao. Kanuni ya njia isiyoambatana na vituo vyenye nafasi, masoko yaliyorudishwa nyuma na vivuko vya waenda kwa miguu inahamisha hatari kutoka kwa mwenye gari dogo kwenda kwa muuza mahindi ya kuchoma. Hilo siwezi kuliita usalama barabarani.

Kanuni inayoweza kufuatwa

Basi tuseme tunachokitaka, kwa maneno machache yanayoweza kuchorwa kwenye kibao.

Penye njia tatu au zaidi kila upande, lori lisiingie njia ya kulia kabisa, isipokuwa linapokaribia sehemu halali ya kukata kulia. Penye njia mbili, lori likae kushoto na litoke tu kupita gari linalokwenda kwa mwendo ulio chini sana ya wake, kisha lirudi. Milimani na kwenye maeneo ya makazi, ambako kikomo ni kilomita 50, lori lisilipite lori. Magari madogo nayo yasijichukulie njia ya kulia kuwa kiti cha kukalia: ukishapita, rudi kushoto. Dereva wa gari dogo anayekwenda kilomita 60 katika njia ya kulia anaziba barabara kama lori lolote.

Upande wa Serikali, njia ya kushoto isafishwe. Vituo vya daladala vitoke kabisa kwenye njia kuu, na bajaji zipewe maegesho yake ili zisiviteke vituo hivyo. Lori lililoharibika liondolewe kwa saa, lisikae kwa siku, na hilo linahitaji magari ya kuvuta yaliyowekwa tayari kati ya Kimara na Chalinze. Mifereji ya matairi ikarabatiwe kabla lori halijalazimika kuihama. Ukaguzi wa askari ufanyike nje ya barabara, maana lori lililosimamishwa kukaguliwa katika njia ya kushoto linawasukuma wenzake wote kulia. Na usimamizi utazame njia pamoja na mwendo. Tochi ya askari inapima kasi tu; lori linalokwenda 70 katika njia ya kulia halionekani na tochi, ilhali kamera ya kwenye nguzo inaliona.

Wamiliki wa malori nao wana zamu yao. Dereva anayelipwa kwa safari hununua muda kwa hatari. Vioo vya upande wa kushoto, taa za nyuma za tela na pembetatu za kuakisi mwanga vinagharimu kidogo sana ukilinganisha na tairi moja la semi. Vyuo kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na vile vya VETA vinafundisha udereva. Somo la kuchagua njia katika barabara pana linastahili saa zake, kwa madereva wa malori na wa magari madogo.

Mzigo mwingine tuuondoe barabarani kabisa. Bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, iliyozinduliwa Julai 2025, imekusudiwa kuyapokea makontena kwa reli ili malori yasilazimike kuingia jijini. Kila kontena linalofika Kwala kwa treni ni lori moja pungufu Kimara, na hakuna kanuni ya njia inayoshinda hiyo kwa ufanisi.

Wakati wa kuyafanya haya ni sasa, kwa sababu barabara nyingine pana ziko njiani. Tanzania inao mpango wa barabara ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro. Kenya inapanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayobeba mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo. Ramani za barabara hizo zionyeshe, tangu mwanzo, njia ya malori ilivyoimarishwa, kituo cha abiria kilivyotolewa pembeni, soko litakapokaa na gari la kuvuta litakapoegeshwa. Barabara ikifunguliwa ikiwa imekosa hayo, kila kitu kitasahihishwa baadaye kwa faini, na faini haijawahi kuondoa daladala iliyosimama katika njia ya kushoto kwa kukosa kituo.

Tumwambie dereva wa lori akae kushoto, na asipokaa awajibishwe. Lakini kabla ya hapo, mamlaka za barabara ziikague njia ya kushoto kutoka Kimara hadi Kibaha, hatua kwa hatua, ziorodheshe kila kinachomzuia kuitii sheria, na zitangaze lini kila kimoja kitaondolewa. Orodha hiyo ikishafanyiwa kazi, faini itakayotozwa itakuwa ya haki, na dereva mwenyewe ataijua kuwa ya haki.